Samaki Ambao Hawakuwa Wakila

Ukutani mwa duka langu la samaki wa mapambo nimebandika karatasi niliyoiandika kwa mkono wangu: Samaki mgeni hauzwi kabla ya wiki mbili. Samaki wa maji ya chumvi husafirishwa gizani, ndani ya mifuko, na wakifika huwa hoi. Huwaweka kwenye tangi la nyuma, nikawaangalia, na wakishaanza kula ndipo huwaleta mbele.

Siku hiyo aliingia fundi cherehani, mama mtu mzima ambaye wanawe wote wameshajitegemea. Kwa miezi mitatu alikuwa amelitunza tangi lisilo na samaki, akipima chumvi na joto la maji kila asubuhi kama anavyopima viuno vya wateja wake. Akachungulia nyuma, akawaona samaki wawili wa manjano waliofika jana yake.

"Hawa wanakula, mwanangu?"

"Wanakula, mama! Ukichelewesha kidole watakitafuna."

Hawakuwa wamegusa hata punje. Alikuwa akinitazama kama mtaalamu mkubwa, nami nikanogewa, basi.

Nikamfungia samaki wale kwenye mfuko. Nikamweleza azime taa, auache mfuko uelee tangini mpaka joto lilingane, kisha awatie kwenye ndoo na kuwadondoshea maji ya tangi tone kwa tone kwa saa nzima kabla ya kuwahamisha kwa wavu. Aliandika yote.

Siku ya tano alirudi mikono mitupu. Nikajiandaa kutukanwa.

"Nimekuja kukuomba radhi," alisema. "Samaki wako tumewaua."

"Mmewaua vipi, mama?"

"Si baba watoto! Aliona jiwe limeinama, akatumbukiza mkono kulinyoosha, na ndiyo kwanza ametoka kunawa kwa sabuni. Kesho yake mmoja akalala ubavu, jioni na wa pili. Nimemtolea maneno ambayo sijapata kumtolea miaka thelathini. Nimemwita muuaji mbele ya mkwe wetu. Leo siku ya tatu hatusemezani."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Badala yake nikatikisa kichwa.

"Pole sana, mama. Sabuni ni mbaya mno."

"Nilijua tu," akasema, akaondoka.

Nilibaki nimeshika kopo la chakula cha samaki, sijui nilikuwa nalifungua au nalifunga. Mteja aliniita mara mbili sikumsikia. Saa sita nikafunga duka, nikaenda kwake.

Cherehani yake ilikuwa dirishani, ikinguruma. Tangi lilikuwa pembeni, maji safi kuliko yangu. Mumewe, dereva wa lori mstaafu, alikaa kwenye stuli akifuta kioo cha tangi kwa kitambaa kikavu, ingawa hakikuwa na doa. Aliponiona akasimama haraka.

"Nisamehe, kijana. Mkono wangu huu una kiherehere."

Nikatamani sakafu ipasuke. "Baba, si mkono wako. Samaki wale hawakula hata siku moja kwangu. Nilijua. Niliwauza wakiwa wagonjwa."

Cherehani ikanyamaza. "Na ile sabuni?" akauliza mama.

"Nilidanganya mara ya pili."

Hakunifokea. Afadhali angefoka. Alimgeukia mumewe. "Baba watoto..." Akafunika uso kwa kitambaa alichokuwa akikishona, na sindano ya mkono ilikuwa ingali inaning'inia kwenye uzi.

"Nilikubali tu," mzee akasema taratibu. "Mkono niliutia kweli."

Akaenda kuiondoa ile sindano isimchome mkewe. Nikatoka bila kuaga. Hapakuwa na nafasi yangu pale.

Baada ya wiki tatu nilimpigia simu mzee, nikamwambia kwamba kuna wawili wanaokula vizuri. Alikuja, akavuta kiti, akawatazama wakila asubuhi, akarudi kuwatazama jioni, ndipo akawachukua. Mpaka leo wako hai.

Mama hajakanyaga tena dukani. Tukikutana njiani hunisalimia vizuri kabisa, na ni mimi ninayeangalia chini. Chumvi ya tangi huja kuinunua mumewe. Nikimweleza jambo, husubiri kidogo, halafu huuliza, "Una hakika?"

Sijawahi kumjibu papo hapo.