Neno la Siri la Waifai

Kompyuta yangu ilijisasisha yenyewe, na ilipowaka ikawa imeisahau kabisa waifai ya nyumbani. Nikaizima, nikaiwasha, nikaitukana, wapi! Inadai neno la siri tu. Aliyeliweka ni mkwe wangu, mume wa binti yangu, siku alipotuunganishia mtandao. Nikampigia simu.

"Mwanangu, nitajie neno la siri."

"Mama, nitakuja kesho niliingize mwenyewe."

"Kesho ya nini? Sema sasa hivi!"

Akakohoa, akanitajia herufi moja moja, kama mshtakiwa mbele ya hakimu. Nikaziandika pembeni mwa gazeti, kisha nikazisoma kwa pamoja: mamamkwemkorofi.

Nikaliingiza. Mtandao ukashika papo hapo.

"Imekubali, mama?"

"Imekubali, baba. Sasa hiyo kesho, njoo."