Jiwe Linalozidisha

Jumamosi moja, kabla hata sijamaliza kumnyonyesha Precious, shemeji yangu Ngosha aliingia uani kwetu Kiseke amekumbatia kitambaa kama mtu aliyebeba kifaranga. Nje, juu ya guta, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, cherehani yake ilikuwa imefungwa kamba. Hana nyingine, na ndiyo inayomlisha.

"Unahama, shemeji?"

"Nahamia kwenye utajiri. Kuna mzee Kirumba tunabadilishana: yeye anachukua cherehani, mimi nabaki na hii." Akafunua kitambaa. Ndani mlikuwa na jiwe linalopitisha mwanga, safi kama maji. "Almasi! Kanipa niwaoneshe nyumbani, mimi nimemwachia kadi yangu ya mpiga kura. Saa kumi tunamalizana."

"Almasi kubwa kama kipande cha sabuni? Na mwenye nayo anaona bora akashone magauni?"

"Haya, msomi wa jioni kaanza. Unataka kutufundisha mawe sisi watu wa Mwanza?"

"Mawe mnayoyajua ninyi ni ya kuanikia nguo."

Akaliweka juu ya gazeti. "Soma hapo."

Nikainama. Kila neno lililokuwa chini ya jiwe lilionekana mara mbili.

"Linazidisha!" akasema. "Jiwe la kawaida linaweza?"

Nilitaka kucheka, ila macho yake yalivyong'aa nikajizuia. Wiki mbili nyuma, kwenye masomo yangu ya jioni, mwalimu alitupitishia darasani jiwe kama hilohilo.

"Shemeji, umejishitaki mwenyewe. Almasi haigawi mwanga namna hiyo. Hii ni kalsaiti."

"Kalsaiti ndiyo nani?"

"Ukoo wake ni kabonati. Ndani yake kuna kalsiamu, kaboni na oksijeni. Mawe ya chokaa, ganda la yai, vyote ni huyuhuyu. Ila huyu kaoga."

"Wivu huo."

"Basi tulipime. Ugumu wa madini unapangwa kuanzia moja hadi kumi. Almasi ni kumi, kalsaiti ni tatu tu. Leta msumari."

Akalivuta kifuani. "Utaniharibia!"

"Almasi iharibiwe na msumari?"

Aliuchukua msumari yeye mwenyewe, akachora pembeni, taratibu kama anayemkuna mtoto aliyelala. Mstari ukabaki, na vumbi jeupe kidogo. Nikakata limao nililoliweka kwa ajili ya samaki, nikadondoshea juu ya vumbi. Vipovu vikaanza.

Ngosha akasogeza sikio. "Linachemka."

"Linatoa hewa ya ukaa. Almasi ingekutazama tu."

Akachuchumaa. Nikamwonea huruma, nikampakatisha Precious, naye akamvuta sikio.

"Mafundi wenzangu nilishawaaga," akasema.

"Waambie umeahirisha safari."

"Na kaka usimwambie."

"Nimwambie nini? Kwamba nusura ubadilishane cherehani na ganda la yai lililooga?"

Akacheka mpaka Precious naye akacheka bila kujua anacheka nini. Kisha akanirudishia mtoto, akatoka, akafungua kamba, akaibeba cherehani peke yake hadi barazani kwangu.

"Ikae hapa nikamrudishie mzee jiwe lake, nichukue kadi yangu," akasema.

Lakini hakuondoka mara moja. Aliinama, akazungusha gurudumu kwa kiganja, akaitazama sindano ikipanda na kushuka, ahakikishe haikuumia njiani.