Vitufe vya Upande wa Kulia

Mfasiri na wifi yake walitumia kompyuta moja, yeye asubuhi, wifi mchana. Ofisi yao ndogo ilitafsiri maelekezo ya pampu na mashine za kufulia. Mkuu wao, waliyemwita Bwana Koma kwa jinsi alivyoziwinda koma kwenye kazi za watu, hakuwa na meza ya ziada.

Asubuhi moja umeme ulikatika. Mfasiri hakushtuka, maana alizoea kubonyeza Ctrl na S kila anapomaliza aya. Umeme uliporudi, sura nzima ya pampu haikuwepo. Akafungua mipangilio ya programu ya kuandikia, akakuta njia zake za mkato zimehamishwa. Kuhifadhi sasa kulikuwa Ctrl na L, kunakili K, kubandika J. S iliachwa haina kazi.

Mashine ile ilikuwa na mtumiaji mwingine mmoja tu.

Tangu wifi aajiriwe, mfasiri alikuwa na donge. Dada mdogo wa mume, mwepesi wa kucheka na Bwana Koma. Sasa akajiambia kuwa anachezewa, aonekane mzembe ili meza ibaki ya mmoja. Jioni alimweleza mumewe. Mume akajikuna shingo, akasema labda ni mashine tu, kisha akatoka kuangalia tangi la maji ambalo halikuwa na tatizo lolote. Hilo nalo mfasiri akaliweka moyoni.

Asubuhi akarudisha vitufe vyote bila kumwambia mtu. Kesho yake vilikuwa vimehama tena, vilevile. Walipopishana mlangoni, wifi akauliza kama kazi inakwenda vizuri. Mfasiri akajibu inakwenda, akicheka kwa meno tu. Hata swali lile aliliona lina ncha.

Siku hiyo hakwenda nyumbani. Alizunguka jengo, akaingia kwa mlango wa nyuma, akasimama kando ya kabati la karatasi. Wifi alikuwa anachapa kwa mkono wa kulia peke yake. Wa kushoto ulilala mapajani kama kitu cha kuazima. Kidole gumba kikashika Ctrl ya upande wa kulia, kingine kikafika L.

"Wifi, mkono una nini?"

Wifi aliuficha kwanza chini ya meza, kisha akaacha.

"Umekufa ganzi tangu nilipoanguka bafuni. Daktari anasema utarudi, ila taratibu. Bwana Koma akijua, atatafuta mwenye mikono miwili."

Mfasiri akamsimulia habari ya sura ya pampu. Wifi akaomba radhi. Hakujua kuwa amemnyang'anya mwenzake S, na vitufe viliporudi alidhani mashine hujirudisha yenyewe. Mfasiri akavuta kiti kwa aibu. Wakairudishia S kazi yake, wakaiongeza L kando yake, kisha K, kisha J, ili kila mmoja awe na vitufe vyake.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

"Kaka tu. Ndiye hunipeleka kwa daktari kila Ijumaa."

Ijumaa, kwa maelezo ya mume, ilikuwa siku ya vikao.

Jioni alimuuliza. Mume alikiri mara moja. Dada yake alimsihi asimwambie yeyote, hata mkewe. Mfasiri akasema ameelewa, akampakulia chakula. Ijumaa iliyofuata, mume alipotoka na funguo za gari, alimkuta mkewe ameshakaa kiti cha nyuma, cha mbele amemwachia wifi, mkoba mapajani.