Kura ya Kukata Paa

Mikono sita iliinuliwa ndani ya gereji ya Oleta Tackett, na hakuna hata mmoja uliokuwa wa Oleta mwenyewe. Yeye alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la saladi ya viazi, kwa sababu siku za mkutano, wake wa wanachama walileta chakula, wakasimama mlangoni na kusubiri wanaume wamalize.

"Wanaotaka paa likatwe inchi tano ni sita," alisema Floyd Rusk. "Wanaotaka tatu?"

Mtu mmoja akakohoa. Burl, mume wa Oleta, alikuwa akitazama viatu vyake, na mkono wake ulikuwa bado uko juu, kana kwamba amesahau kuushusha.

"Basi imepita," Floyd alisema. Alikuwa mwenyekiti wa klabu ya magari ya Wala Vumbi, na jina hilo lilishonwa mgongoni mwa koti lake kwa uzi mwekundu. "Jumamosi asubuhi tunakata."

Oleta alilitua bakuli juu ya meza ya kazi kwa kishindo hata kijiko kikaruka.

"Chakula tayari," alisema, akatoka. Alitoka kwa sababu kama angebaki, angemtwanga mtu.

Gari lililopigiwa kura lilikuwa Ford la milango miwili la mwaka wa 1934. Huo ulikuwa mwaka wa 1953, na pale Fontana, California, kila mwanaume aliyekuwa na spana na majirani wavumilivu alikuwa na gari kuukuu la namna hiyo: amelivua mabawa ya matairi, amelitia injini yenye nguvu kuliko akili yake, na kila mwezi analipeleka kwenye ziwa kavu la El Mirage kushindana na saa. Paa refu hushika upepo. Kwa hiyo watu hukata ukanda kwenye nguzo za madirisha, hushusha paa, kisha huchomelea upya.

Oleta hakuwa na ugomvi na kukata. Paa lile lilikuwa refu kweli, na injini ilistahili kufunguliwa njia. Ugomvi wake ulikuwa wa kipimo. Yeye alikuwa mwanamke mrefu, na Burl alikuwa mfupi. Ukishusha paa inchi tatu, na kiti ukakiteremsha mpaka sakafuni, Oleta aliweza kukaa wima na kuendesha. Ukishusha tano, shingo yake ilibidi ipinde mpaka sikio liguse bega. Hakubahatisha. Alibandika gazeti sehemu ya juu ya kioo cha mbele, kuziba kile ambacho paa jipya lingeziba, kama wafanyavyo watu wote wa mchezo huo kabla ya kukata, akaendesha hivyo wiki nzima kwenda na kurudi kwenye kiwanda cha kufungasha machungwa alikofanya kazi. Kwenye njia panda watu walimcheka. Alirudi na jibu lake: tatu ndiyo, tano hapana.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba gari lile alikuwa amelifufua yeye. Burl alipoitwa vitani Korea aliliacha bodi tupu chini ya turubai, halina injini, panya wamezaa ndani ya kiti. Oleta alitafuta injini kwenye lori lililogongwa, akaifungua yote mezani pake, akaisafisha, akaifunga tena mara tatu mpaka ikakubali. Kuchomelea alikuwa amejifunza zamani, wakati wa vita vile vikubwa, kwenye kiwanda cha meli. Mwaka mmoja na nusu aliliendesha peke yake. Kisha mwezi wa nane Burl akarudi, Mungu ashukuriwe, mzima, akalizunguka gari mara tatu, na neno lake la kwanza likawa, "Nani amekutengenezea?"

Mwezi wa tisa, mbele ya wenzake, Burl alisema, "Mimi na mke wangu tumeiunda." Mwezi wa kumi mke akawa ametoweka katika maelezo. Oleta alisikia yote mawili akiwa ameshika sinia.

Jioni ile ya kura, klabu ilipokwisha kula saladi yake yote na kuondoka, Oleta na Burl walikutana jikoni.

"Umenikata mbele ya watu," Oleta alisema.

"Nani kakukata? Kura ni kura."

"Kura ya nani? Floyd ameshawahi kulala chini ya gari ile? Na Dub, huyo mkataji wenu, je? Wamekuja kula viazi vyangu na kuamua kichwa changu kikae wapi!"

"Inchi mbili tu, Oleta! Jamaa wa Riverside tunayeshindana naye amekata nne na nusu. Tukikata tatu tutaonekana tumeogopa. Inchi mbili unanipigia kelele hivi?"

"Hizo inchi mbili ndizo mimi. Ukizitoa, umenitoa."

Burl alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayetaka mambo yaishe. "Si utakaa upande wa abiria, mama? Unajilaza kidogo, unapumzika. Umechoka na hiyo gari, mimi nimesharudi."

Hapo hasira zilimpanda Oleta mpaka masikio yakavuma. Alikwenda chumbani akarudi na kipande cha kadibodi, akakitandaza mezani. Alikuwa amekikata sawasawa na ubavu wa gari.

"Haya, kichwa changu tukiache. Tazama. Nguzo za mbele hazikusimama wima, zimelala kuelekea nyuma. Ukikata tano ukashusha paa moja kwa moja, ncha ya juu haitaangukia juu ya ncha ya chini. Itaangukia nyuma yake. Hivi." Alishusha kipande cha juu kwa kidole. "Pengo la vidole viwili. Ukikata tatu unaweza kuzisukuma zikakutana. Tano lazima paa lenyewe likatwe katikati na liongezwe bati. Hiyo ni kazi ya wiki tatu, na mashindano ni baada ya wiki mbili."

"Dub ameshakata mapaa matatu."

"Ya magari ya zamani zaidi, yenye nguzo wima! Muulize!"

"Sasa nikamwambie Dub mke wangu amekata kadibodi?" Burl alicheka tena, mara hii kweli kweli. "Kadibodi, Oleta!"

Akaenda kulala. Oleta alibaki ameshika ukingo wa meza. Alimpenda mtu huyu, alimwombea kila siku arudi, na sasa alitamani kumpiga na sufuria.

Jumamosi walifika saa mbili asubuhi na bia, misumeno ya chuma na mitungi ya gesi. Oleta alikwisha kuiweka kadibodi yake juu ya meza ya kazi, mahali ambapo mwenye macho ataiona. Dub, mnene mwenye mdomo, ndiye aliyeiona. Aliweka kikombe chake cha kahawa juu yake.

"Shemeji, leo usitutilie nuksi," alisema. "Wewe tuletee soseji tu, chuma tuachie wenyewe."

"Chuma mnakijua?"

"Aa, shemeji! Nimekata mapaa matatu mimi."

"Yalikuwa na nguzo wima, Dub."

"Nguzo ni nguzo." Wenzake wakacheka. "Burl, mwambie bibie aende kivulini, jua litamharibu."

Burl hakumwambia aende kivulini. Wala hakumwambia Dub anyamaze. Alijishughulisha na utepe wa kuwekea alama, akiubandika kwenye nguzo na kuubandua, mgongo amewapa wote.

Oleta alikaa juu ya ndoo kando ya ukuta, akakunja mikono. Aliapa hatasema tena. Walipima inchi tano kila nguzo, wakatoa vioo, wakakata vichwa vya milango na kuviegemeza ukutani. Kisha msumeno ukaingia kwenye nguzo ya kwanza. Mlio ule ulimpita mwilini. Alikuwa amezisugua nguzo zile kwa mikono yake, kutu yote, mpaka chuma kikang'aa, na sasa zilikuwa zikitoa unga mweusi juu ya sakafu yake. Alitaka kulia, na kwa kuwa hakutaka kulia mbele ya Dub, alizidi kukasirika.

Saa tano paa lilikuwa limekatika lote. Wanaume wanne walilinyanyua, Floyd akachomoa vile vipande vya inchi tano, wakalishusha.

Nyuma lilikaa vizuri. Dub alikwisha kuanza kupiga kelele za ushindi. Ndipo Floyd, aliyekuwa mbele, akasema, "Ngoja. Ngojeni kwanza."

Nguzo za mbele hazikukutana. Ya juu ilikuwa imeangukia nyuma ya ile ya chini, na katikati yake Floyd alipitisha vidole viwili bila kugusa kitu.

"Mmelisukuma nyuma," Dub alisema.

"Hatujalisukuma."

"Basi livuteni mbele!"

Walilivuta. Mbele ikakutana, nyuma ikaachia. Wakalirudisha. Dub alitaka nyundo. Mwingine akataja mnyororo na lori lake, na hapo Oleta nusura ainuke. Wakalumbana robo saa nzima nani alipima vibaya, na kila mmoja alikuwa amepima vizuri. Gari lilisimama katikati yao limekatwa, paa limekaa upande.

Floyd ndiye aliyenyanyua kikombe cha Dub kutoka mezani. Aliitazama kadibodi muda mrefu, akasogeza kipande cha juu chini kwa kidole, polepole. Kisha akageuka.

"Shemeji," alisema, "ulikuwa unajua hili?"

"Nilimwambia Burl Jumanne. Akacheka."

Wote walimtazama Burl. Uso wake uliiva mpaka shingoni.

"Ungesema kwa nguvu zaidi," alisema kwa sauti ndogo.

Oleta aliinuka, ile ndoo ikaanguka.

"Kwa nguvu zaidi! Nilisema mezani, nikasema jikoni, nikaendesha na gazeti kwenye kioo wiki nzima mji mzima ukinicheka! Nimewachorea, nimewakatia kadibodi, nimewawekea hapo mkaigeuza kisahani! Nipige tarumbeta? Mlinyoosha mikono, sita, juu ya gari niliyoifunga bolti moja moja, na wewe, Burl, wa kwako ndio uliotangulia! Niliuona!"

Dub alikuwa akisoma maandishi ya chupa yake.

"Oleta," Burl alisema. "Niambie tufanye nini. Gari ni yako, nakubali, iliundwa na wewe. Hawa wote wanasikia. Tufanye nini?"

Oleta alikuwa amelingoja neno hilo tangu mwezi wa nane, na lilipokuja lilikuwa na ladha ya maji ya vyombo. Limekuja kwa sababu amekwama. Oleta alifikiria kuwaambia wachukue misumeno yao waende, na gari libaki hivyo, na Burl aliangalie kila siku akitoka kwenda kazini. Alifikiria hilo kwa utamu mkubwa. Kisha akalitazama gari, na akajua kwamba hataweza kulilaza hivyo hata siku moja.

"Vile vipande viko wapi?" aliuliza.

Floyd alivionyesha sakafuni.

"Kila nguzo itarudishiwa sehemu ya kipande chake. Nachomelea mimi. Wewe, Dub, usiguse kitu, hata gesi usiifungue."

"Viungo vitaonekana," Burl alisema. "Mke wangu, kila nguzo itakuwa na makovu mawili. Watu wa Riverside watatucheka."

"Wacheke. Mimi nimechekwa wiki nzima na sikufa."

"Na kipimo? Inchi tatu?"

Oleta hakumjibu. Alifunga nywele zake juu kama alivyozifunga kila asubuhi ya kazi, akafungua mlango uliokatwa kichwa, akaingia akakaa kwenye kiti cha dereva. Alikaa wima kabisa. Paa lililala juu ya utosi wake, likamsukuma chini.

"Linyanyueni," alisema.

Wakashika pembe nne. Burl alipewa ile ya upande wa dereva, na kwa ufupi wake ilibidi asimame juu ya kreti la bia. Floyd alishika mbele, wengine wawili nyuma. Paa likapanda kidole kimoja.

"Juu."

Likapanda tena. Kilikuwa chuma cha siku zile, chuma kweli, na wanaume wale walikuwa wamekunywa tangu asubuhi. Jasho la Burl lilidondoka juu ya bega la mkewe, naye hakulifuta.

"Hapo?" Floyd aliuliza.

Oleta aligeuza kichwa kushoto, akakigeuza kulia. Nywele zilikuwa bado zinagusa.

"Bado," alisema. Akaweka mikono yote miwili kwenye usukani, akatazama mbele, wala hakuwa na haraka yoyote.