Timu Isiyopita Katikati

...na sasa Hamza anasema tatizo si miguu ya Ndaki, tatizo ni kichwa, namba kumi mwenye akili haendi kuomba mpira pembeni kama ombaomba wa stendi, na Maulidi kinyozi amezima mashine ili amjibu vizuri, maana Maulidi hawezi kunyoa na kubishana kwa wakati mmoja, ndiyo sababu wateja wake hutoka na vichwa vyenye ramani, na mimi niko huku upande wa pili wa plaiwudi, upande wa wanawake, nimekaa kwenye kigoda, kichwa changu kimebanwa katikati ya magoti ya Asteria, nasukwa rasta za Jumamosi, siwezi kugeuka, siwezi kutoka, ninachoweza ni kusikiliza, sitaki kusikiliza, na ninasikiliza. "Da Scola, inamisha kidogo," Asteria ananiambia, nainamisha, Jumamosi wazee wa Ushetu, ukoo wa mchumba wangu, wanakuja kwa mama kukabidhi ng'ombe, na ng'ombe wakishaingia zizini nitakuwa mke wa kocha Pantaleo, kocha huyuhuyu ambaye wanaume wa huko wamekuwa wakimkaanga tangu nilipokaa, hawajui kwamba mchumba wake yuko nyuma ya ubao, na bora wasijue, wakijua wataanza kumsifia, na hakuna kitu kinachonichosha kama watu wanaosifia kwa adabu. Juzi chuo chetu cha ualimu kimefungwa na vijana wa kutoka Geita, mbili kwa moja, tena hapa hapa nyumbani, mji mzima unaona, na tangu hapo Shinyanga hakuna mgonjwa, hakuna deni, hakuna mvua iliyochelewa, kuna Ndaki tu, Ndaki kacheza vipi, Ndaki alikuwa anaota nini. "Alikuwa analizunguka duara la katikati kama ng'ombe anayezunguka lambo lenye matope," anasema Hamza, huyu Hamza anauza makava ya simu nje ya soko na mpira anauchambua kwa sauti ya redioni, na Maulidi anadakia, "Tena mtoto wa Rwamgasa! Kaka zake wanashinda chini kwenye maduara ya machimbo, giza, udongo unawamwagikia wakitafuta dhahabu, yeye duara la chokaa juani linamtisha?" na wote wanaangua kicheko, Asteria naye anacheka, kitana kinanichoma utosini, na mimi ningecheka, ni utani mzuri, ningecheka kama nisingejua.

Kwa sababu najua, hilo ndilo linaloniwasha kuliko mafuta haya ya nywele, uwanja mzima tuko mimi na Pantaleo na wachezaji wenyewe tu tunaojua kwa nini timu haikupita katikati, na wachezaji wameapishwa, na mimi mlezi wa timu, mwalimu wa hesabu, mwenye digrii na joho lililopigwa picha likatundikwa sebuleni kwa mama, nimekaa kimya kama niliyeapishwa pia... "Msimwonee kijana," huyo ni mzee Eustace, amestaafu kiwanda cha pamba, haji kunyolewa maana hana nywele, anakuja kwa ajili ya benchi na mabishano, "mchezaji hufuata amri ya benchi. Ukiona mtu mmoja anapita pembeni, huyo ana woga. Ukiona timu nzima inapita pembeni, mpaka golikipa anautupa pembeni, hilo ni agizo," na mimi namsukuma kimoyomoyo, umekaribia mzee, umekaribia mno, piga hatua moja tu, lakini Hamza anamkata, "Mzee, huo unaitwa kutanua uwanja. Ulaya wanafanya," na Maulidi, "Ulaya wana mawinga, Hamza! Sisi tuna wale wawili wanaokimbia na mpira mpaka kwenye viazi vya watu," na haya wanaendelea, mfumo, nafasi, kiungo wa juu, kiungo wa chini, wanajenga nadharia kubwa kama ghorofa, na chini ya ghorofa lote hilo kuna mzee mmoja wa Samuye mwenye kibuyu. Pantaleo aliniambia twende Samuye tukamsalimie shangazi yake, nikavaa kitenge kizuri, nikabeba sukari, shangazi hakuwepo wala hajawahi kuwepo, palikuwa na nyumba ya nyasi na mbuzi na watu wamekaa kwenye gogo wanasubiri zamu, nikabaki garini na sukari yangu mapajani, naye akaingia, na tulipokuwa tunarudi ndipo akasema, macho barabarani, kwamba wale wa Geita wamefukia kitu kwenye duara la katikati, njia imefungwa, anayepita pale anajifunga mwenyewe, kwa hiyo mpira wote utapita pembeni, hata wa kuanzia, ukiguswa tu urudishwe nyuma, utoke nje ya duara haraka. Nikamuuliza, kwa hiyo tumetoka kwa mganga. Akasema hapana, Scolastika, usilichukulie kishamba, haya ni maandalizi ya kisaikolojia.

Kisaikolojia! Bibi yangu mzaa baba alikuwa nfumu, mganga wa kutambulika, watu wakitoka mbali kumfuata, na hakuwahi kuliita jambo lake kwa jina la kuazima, alikaa mlangoni kwake mchana kweupe na ushanga wake, akikutibu ulitakiwa ukipona urudi, urudi kwa miguu yako, useme mbele ya watu nilikuja hapa nikasaidiwa, au nilikuja hapa na sikusaidika, yote mawili aliyapokea, asichokipokea ni mtu anayeingia kwa mlango wa nyuma na kukana kwa mlango wa mbele, huyo alimfukuza, "Ng'wana wane," aliniambia, mwanangu, "dawa haina ubaya wala uzuri, muulize aliyeinywa kama anakubali kwamba kainywa." Kwa hiyo uganga haunitishi, nimelelewa ndani yake na kanisani pia, siku moja katekisimu siku ya pili mizizi, si huo ulioninyima usingizi, na hapo ndipo nilipokwama wiki hizi zote, kwa sababu kama si uganga, basi ni nini, kwa nini kila nikiifikiria Jumamosi kifua kinakuwa kama kimewekewa gunia la mahindi, mama anauliza, "Wewe unatafuta malaika? Mwanaume hanywi, hapigi, ana kazi, anasalimia watu," na kweli anasalimia, nimetafuta kosa nimekosa, mwanamke mwingine hakuna, kelele hakuna, nikaanza kuamini kwamba kosa ni langu, kwamba vitabu vimeniharibu, kwamba ninamdharau mwanaume wa watu kwa sababu alikwenda Samuye, na dharau ni dhambi, na umri nao, mama hausemi huo umri lakini anauangalia, anauangalia kama mtu anayeangalia jua la jioni na nguo bado ziko kambani... "Inua sasa," anasema Asteria, nainua, anachukua fungu jingine la nywele.

"Sasa niambieni hili," anasema Maulidi, bado hajawasha mashine, aliyenyolewa nusu naye anavumilia tu, "zimebaki dakika chache, kijana mwenyewe anaingia katikati, anapokea pale pale kwenye duara, anageuka na watu wawili mgongoni, anatoa pasi ile, mliiona pasi ile? Pasi kama mtu anapitisha uzi kwenye sindano. Goli! Uwanja wote unalia. Na kocha anafanya nini? Anamtoa!" na hapo wote wanasema kwa pamoja, hata mzee Eustace amepandisha sauti, kumtoa kwa nini, kumtoa kwa lipi, "Kocha akili yake iko kwenye ng'ombe wa Jumamosi," anasema Hamza, "anaoa yule madamu wa hesabu, mwembamba yule mkali," na Asteria ananibonyeza bega, tunabana kicheko, mkali sawa, wembamba asante, na kumbe ile pasi naiona tena, nilikuwa pale benchi, nilimwona Ndaki anasimama ukingoni mwa mstari wa chokaa, anauangalia kwanza, kisha anauvuka kama mtu anayevuka kizingiti cha nyumba aliyokatazwa, na Pantaleo pembeni yangu anapiga kelele mpaka sauti inapasuka, pembeni, pembeni wewe, pembeni! na mpira tayari uko wavuni, na wenzangu wananikumbatia, na Pantaleo anaonyesha mkono, mtoe. Na Ndaki alipofika benchi anatweta, anatabasamu, Pantaleo akamwambia kwa chini, "Umetuvunjia masharti. Tukifungwa leo ni wewe," na kijana akasema samahani mwalimu, akajifunika taulo kichwani, goli ametengeneza yeye, samahani ameomba yeye, na mimi nilikuwa bibi harusi mtarajiwa hasa, mdomo nimeufunga, nikisema moyoni ni presha ya mchezo, wanaume na mpira, akitulia atasema.

"Huyo, huyo, kocha mwenyewe!" Maulidi anapaza sauti, na viti vinavutwa, na nasikia viatu vyake, navijua, anasugua soli kabla ya kuingia popote, mtu wa adabu, "Shikamoo mzee Eustace." "Marahaba kocha, karibu, tulikuwa tunakuchuna ngozi." Anacheka, cheko lake la mkutanoni. Asteria ameacha kusuka, ameshika rasta hewani, ananiangalia kwa juu, macho yanauliza nimwite? natikisa kichwa, kidogo, hapana, endelea. "Kocha," anasema Maulidi, "tusaidie, maana hapa tutatiana ngumi. Kwa nini hamkupita katikati?" nami natega sikio, kwa sababu bado ipo nafasi, Pantaleo, bado, sema tu nilikosea, sema niliona wale ni wazito katikati, sema hata uongo wa kukubeba wewe mwenyewe, au sema ukweli kabisa, sema nilikwenda Samuye, watacheka siku moja na kesho watakuuliza njia, hakuna hata mmoja humo ndani asiyekuwa na shangazi wa namna hiyo, sema chochote, lakini usi... "Kusema kweli," anasema Pantaleo, na nimekwisha kujua, anayeanza hivyo haisemi hiyo kweli, "mimi nilimwagiza Ndaki apite katikati tangu filimbi ya kwanza. Mpango ulikuwa huo. Kijana hana uwezo wa kusoma mchezo, shule ndogo, malezi ya machimboni, woga. Alipotekeleza agizo mara moja tu, si mliona matokeo?" Ahaa, wanasema. Ahaa. Kumbe. "Na kumtoa?" huyo ni mzee Eustace, hajasema ahaa. "Misuli, mzee. Nilimlinda. Na Jumapili namkalisha, ajifunze nidhamu." Nidhamu. Yaani kosa kampa Ndaki, na goli kajichukulia yeye, na kumtoa kakuita kumlinda, vitu vitatu kwa pumzi moja, sauti haikutetemeka, hata koo hakusafisha, na mashine ya Maulidi inawaka, vvvvv, wamelipokea, kesho mji wote utasema Ndaki ni mwoga wa machimboni na kocha ni fundi, na hakuna hata mmoja aliyemwona anadanganya, isipokuwa mimi, ninayepaswa kulala pembeni yake mpaka kufa.

Nasubiri hasira. Inapaswa kuja sasa, nimeiandalia nafasi, lakini haiji, kinachokuja ni kitu kingine kabisa, kama pale maji yanapotoka sikioni baada ya siku nzima, unasikia dunia upya, na natambua kwamba gunia limeondoka, limeondoka lenyewe, sikulisukuma. Basi si vitabu. Si dharau, si Samuye, si kibuyu cha mzee wa watu, huyo mzee ametajwa vibaya bure. Ni huyu tu, mtu anayeingia kwa mlango wa nyuma na kukana kwa mlango wa mbele, na siku moja nyumbani kwetu kitu kitaharibika, kitu chochote, mtoto ataugua, sufuria itaungua, na atasimama mbele ya watu kwa adabu yake yote aseme nilimwagiza, hakuelewa. Nilikuwa natafuta ngumi na pombe, na kumbe ilikuwa hivi, jambo dogo kiasi hiki, la kusikika kupitia plaiwudi. Leo jioni nitamwambia mama, atalia, atasema watu watasemaje, nitamwambia watasema Pantaleo aliniagiza niolewe nikaogopa, waseme tu, na wazee wa Ushetu tuwatumie ujumbe mapema wasitoe mifugo zizini, ng'ombe wa watu hawana kosa, na kesho kabla ya kipindi nitamtafuta Ndaki, nitamwambia nilikuwa pale benchi na nilisikia kila neno, na kwamba mlezi wa timu naye hukaa kikao cha kupanga kikosi, sijawahi kufungua mdomo kwenye kikao hicho, wataniona. Huko upande wa pili Hamza anasema, "Lakini kocha, ile pasi..." na Pantaleo anaanza kueleza ile pasi, anaieleza vizuri sana, unaweza kudhani aliipiga yeye. "Da Scola," Asteria ananong'ona, mdomo karibu na sikio langu, "tangu ulipokaa mabega yako yalikuwa yamekauka kama mtu anayesubiri sindano, nilikuwa nakusuka kwa shida, sasa hivi ndiyo umelegea. Umepata usingizi?" Hapana, namwambia, niko macho, vuta tu Asteria, suka taratibu, bado upande mzima.