Pakiti ya Baba Mkwe

Siku ya mafunzo ya kutowauzia watoto sigara, wenye maduka wa mtaa mzima walibanana kwenye madawati ya shule ya msingi, magoti yakiwagusa kidevu. Kipara, mwenye duka la ng'ambo ya barabara, akapewa kuigiza mtoto. Alikunja suruali mpaka magotini.

"Shikamoo mama. Baba kanituma sigara."

"Marahaba mwanangu," alijibu Mama Duka. "Mwambie baba miguu anayo."

Watu walicheka mpaka mkufunzi, msichana wa idara ya afya, akawaomba watulie. Lakini Mama Duka hakuwa anacheza. Mumewe alikufa kwa kifua mwaka uliotangulia, na tangu ujana wake hakuwahi kuiacha sigara. Sasa amebaki na binti yao wa pekee, mwanafunzi wa sekondari. Ni kwa ajili yake alikuja pale. Alijiambia kwamba akiwanyima watoto wa wenzake, na wenzake watamnyima wa kwake.

Alirudi akafanya kila alichofundishwa. Sigara alizitoa kando ya chupa ya peremende, akazifungia kwenye kabati la nyuma. Kiberiti cha gesi kilichokuwa kikining'inia dirishani alikikata uzi. Akaacha kuuza moja moja. Mlangoni akabandika tangazo: HAPA HATUUZI SIGARA KWA WATOTO. Kijana akija akiikaza sauti aonekane mtu mzima, alimdai kitambulisho. Akisema ametumwa, alirudi mikono mitupu. Mkufunzi alipopita kukagua, alimsimamisha kando ya tangazo akampiga picha.

Mteja wa kila siku wa sigara akabaki mmoja, baba mkwe wake. Alikuwa fundi cherehani, akaacha kushona macho yalipomsaliti. Kila asubuhi alifika na fimbo yake, akachukua pakiti nzima, akaenda kuota jua kwenye ukuta wa nyuma ya shule. Mama Duka alimuuzia ameinamisha macho. Mkwe ni mkwe, humfokei.

"Baba, punguza basi."

"Nimepunguza, mwanangu. Siku hizi hata sizivuti zote."

Alidhani ni mzaha.

Jumamosi moja, akifua, aliokota shati kwenye lundo la nguo akashtuka. Alidhani amechanganya na lile la marehemu, alilolihifadhi sandukuni bila kulifua ili abaki na harufu yake ya sigara. Kisha akaona nembo ya shule mfukoni.

Alimwita binti.

"Umenunua wapi?"

"Sijanunua."

"Kwa Kipara?"

"Kipara? Yule naye siku hizi anadai kitambulisho kama polisi." Binti alitazama miguu yake. "Babu hutugawia. Sote hutugawia."

Jumatatu, wakati wa mapumziko, Mama Duka alifunga duka akaenda ukutani. Babu alikuwa katikati ya sare za shule, anasimulia kisa cha bwana harusi aliyeshonewa suruali ya mtu mwingine, na watoto wamelegea kwa kicheko, moshi juu yao. Walipomwona mama wakatawanyika. Mzee akabaki na pakiti mapajani, ile aliyouziwa asubuhi.

Mama Duka alichuchumaa mbele yake.

"Baba, hata mjukuu wako?"

Mzee aliisogeza fimbo yake, akampa nafasi ya kukaa.

"Wakipata sigara wanakaa," alisema. "Wasipopata ni shikamoo babu, marahaba, wamepita. Tangu mwanangu aondoke, nani mwingine anakaa na mimi? Wewe una duka." Akaifunga pakiti polepole. "Na yule mtoto, akitoa moshi puani, anacheka kama baba yake. Umewahi kumwona?"

Hakuwa amewahi. Aliogopa kwamba angetaka kumwona.

Alimpigia mkufunzi simu, akamweleza yote.

"Mzee ni mtu mzima?" mkufunzi aliuliza.

"Ana wajukuu."

"Basi kwa upande wa duka hujakosea kitu, mama. Umefanya vizuri sana. Hiyo nyingine ni ya familia, mzungumze nyumbani."

Mama Duka alibaki ameishika simu. Alitaka aambiwe amekosea, apate cha kurekebisha.

Kesho yake mzee alipofika, alimwambia, "Zimekwisha, baba."

Mzee aliangalia kabati, akamwangalia yeye, akaitikia kwa kichwa bila kinyongo. Akavuka barabara. Kipara aliona mvi, akafanya kama walivyofundishwa, akamuuzia. Muda si mrefu binti naye alitoka nyumbani na mkoba wake, akapita mbele ya duka.

"Nakwenda, mama."

"Haya. Pita barabara kubwa."

"Sawa," alijibu, akakata kona ya kwenda ukutani.

Jioni Mama Duka alifungua sanduku, akalinusa shati la marehemu. Harufu ilikuwa imekwisha, limebaki shati tu. La binti, alilovaa siku hiyo, lilikuwa ukingoni mwa beseni, linangoja sabuni. Alilichukua, akaliweka puani, akakaa nalo hivyo muda mrefu kabla ya kulitia majini.