Povu Katika Chupa

Mjukuu wangu alizaliwa kabla ya wakati, mimba ikiwa ya miezi saba, baada ya mama yake, Gloriose, mke wa mwanangu, kukimbia risasi za Bwegera. Katika zahanati moja ya Kasenga, mjini Uvira, nilimkuta mtoto akiguna kila alipopumua, mbavu zake zikizama ndani.

Baba yake Gloriose, Thaddée, fundi wa kuziba matairi ya baiskeli huko Kavimvira, alikuwa amesimama mlangoni na bidoni, dumu lake la maji. Sikumsalimu. Katika vita hivi, vijana wa upande wake walichoma mpunga wangu. Yeye alidai kwamba wa upande wangu walimuua kaka yake.

“Ningemuoza binti yangu kwa mbwa,” alisema, “angemlinda vizuri kuliko mtoto wako.”

“Mbwa angemkataa mkwe kama weye.”

Akatema mate, akaenda kuteka maji. Muuguzi Pudentienne alikuwa amemwekea mtoto mrija puani. Mashine ya oksijeni ilisukuma hewa, na ncha ya pili ya mrija ilizama katika chupa ya maji hadi kwenye alama ya plasta. Maji yalitoa povu bila kukoma.

“Pafu ni vifuko vidogo mno visivyohesabika, Mzee,” alinieleza. “Kuta zake zina unyevu, na maji hujivuta, hukifumba kifuko kama midomo. Mtoto aliyetimia ana utando wa mafuta unaoyazuia maji kujivuta. Wa huyu bado hautoshi. Pumzi ikitoka, vifuko vinaanguka, vile vidogo kwanza, na kuta zinanatana. Kuna dawa ya kumpa utando huo, lakini hapa Uvira hatuna. Chupa hii inabakiza hewa kidogo ndani visianguke, mpaka pafu lijitengenezee utando wake.”

Majeruhi wakaletwa, naye akaenda kuwahudumia. Thaddée, ambaye hakuyasikia maelezo hayo, aliingia na maji, akaliona povu, akaruka. Maisha yake yote alizamisha matairi katika beseni, na palipotoka povu ndipo palipokuwa na tundu.

“Pumzi ya mtoto inapotea mu maji, na weye unaangalia tu!” Akauchomoa mrija kutoka kwenye chupa.

“Rudisha, mjinga!”

“Mjinga ni aliyekuzaa!”

Nilimshika mkono, akanisukuma ukutani. Povu likakoma, naye akatabasamu kama mtu aliyeziba tundu. Ndipo kifua cha mtoto kikazama, midomo ikawa ya kijivu. Gloriose, aliyelala kitanda cha kando, akapiga kelele: “Baba, unamuua!”

Pudentienne alirudi mbio, akauzamisha mrija. “Mukitaka kuuana, nje kuna nafasi. Hii si tairi, Papa Thaddée. Tairi unataka hewa isitoke. Hapa povu likikoma, vifuko vinaanguka.”

Rangi ilirudi polepole kwenye midomo ya mtoto. Thaddée alikaa upande mmoja wa chupa, mimi upande wa pili. Hatukuwa tukimlinda mtoto dhidi ya kifo tu. Kila mmoja alikuwa akimlinda dhidi ya mwenzake.

“Akifa, nitajua nani wa kumuuliza,” alisema.

“Uliza mkono wako.”

Kombora lilianguka karibu na barabara. Chupa ikapinduka, maji yakamwagika sakafuni, na povu likanyamaza tena. Nilimwita Pudentienne, lakini sauti yangu ilimezwa na vilio vya uani. Thaddée alikuwa amekwisha kuishika chupa kati ya magoti yake, akamimina maji ya bidoni, akauzamisha mrija hadi chini.

“Umepita alama,” nilimwambia. “Utamchosha kutoa pumzi. Vuta juu.”

Alinitazama kwa chuki ileile ya mlangoni. Kisha akauvuta juu hadi kwenye plasta. Povu likarudi.

Siku kadhaa baadaye, mtoto alipoweza kupumua bila mrija, Pudentienne alisema pafu lake sasa lina utando wake. Thaddée alichukua bidoni, akapita mbele yangu bila kuaga. Sikumrudisha. Ila tangu siku hiyo, nikisikia mtu akimtukana mbele ya mjukuu wangu, namnyamazisha. Kumtukana ni haki yangu mimi.